Muulize Ami: Shawa Inayotekenya, Mita Iliyolala na Chuma Kilichotoka Angani

Haya, mwezi huu maswali yamejaa na mengi ni ya kitu kimoja, stima na maji kukutana bafuni, kwa hivo hilo ntalikalia sana na mengine ntayapitia haraka haraka. Wale mliouliza kuhusu tuktuk za stima n'ngojeeni, bado nawahoji madereva wenyewe, sitaki kuandika ya kuambiwa.

Ami shikamoo. Tumehamia nyumba ya kupanga huku Kisauni, maji ni ya kisima, yana chumvi kiasi, na landlodi ametuwekea ile shawa ya maji moto ya juu ya kichwa. Kila nikigusa mfereji shawa ikiwa imewashwa nasikia kama sisimizi wananitembea vidoleni, na juzi ikanipiga kabisa mpaka nikaangusha sabuni. Landlodi ati ni kawaida ya Mombasa sababu ya unyevunyevu, nivae patipati. Ni kweli? (Mama Watoto, Kisauni)

Marahaba mama. Kabla hujaendelea kusoma nenda kazime ile swichi ya shawa alafu rudi.

Umerudi? Sasa sikiza. Hao sio sisimizi, hiyo ni stima inayopita kwako kwenda chini, na unyevunyevu wa Mombasa hauhusiki hata kidogo. Mimi mwenyewe nimeishi nao miaka miwili nilipokuwa Tudor, tena nilikuwa najiita mjuaji, na nyumbani tulikuwa na kijiti cha mwiko uliovunjika tumekitundika mlangoni mwa bafu kazi yake ni kufungia mfereji. Mgeni akija tunamuonesha choo, taulo na kijiti, na wala hatukuona ajabu. Siku nilipoamua kufungua ile shawa nikakuta waya wa athi, ule wa kijani wenye mstari wa njano, fundi aliyefunga ameukata mfupi akaukunja ndani kama utambi wa kibatari, haukuunganishwa popote. Nilikaa juu ya ndoo nikautazama kwa muda mrefu, wallahi.

Ukifungua shawa nyingi za aina hiyo utaona ndani kuna waya mwembamba umejisokota kama springi ya kalamu, na maji yanapita juu ya waya huo huo ukiwa uchi na stima yake. Watu wakisikia hivo wanaruka lakini ndo zilivyotengenezwa, zimetengenezwa kwa maji ya mfereji ya kawaida ambayo yanapitisha stima kidogo sana, na hicho kidogo kinachovuja kinatakiwa kichukuliwe na waya wa athi kipelekwe ardhini kabla hakijakufikia wewe. Sasa maji yenyewe kama maji si mpitishaji mzuri, kinachobeba stima ni chumvi iliyoyeyuka ndani yake. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita moja. Kisima chako hakijafika huko, ungekuwa hata chai hunywi, lakini yana chumvi ya kutosha kuifanya ile stima ivuje mara nyingi zaidi ya ilivyokadiriwa kiwandani, na waya wa athi kama haupo basi njia iliyobaki ni maji, mfereji wa chuma, mkono wako, miguu yako, sakafu.

Na chumvi hiyo inatoka wapi? Chini yetu hapa ni mawe ya matumbawe, yana matundu kama sifongo, na maji ya mvua yaliyozama yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya kwa chini kwa sababu ya chumvi ni mazito zaidi. Kila mtu akichimba kisima chake na kuvuta kwa pampu usiku na mchana, yale matamu yanapungua na ya chumvi yanapanda. Ndo maana unasikia mtu analalamika ati kisima chake kilikuwa kitamu alipojenga na sa hivi hata sabuni haitoi povu, hakuna aliyemloga. Maji ya kaunti yanayotoka Mzima Springs kule Tsavo au Baricho kwenye mto Sabaki ni kitu chengine, lakini yanafika siku gani kwako unajua mwenyewe.

Kwa hivo mwambie mwenye nyumba mambo haya. Aondoe hiyo shawa aweke ile ya maji ya chumvi, dukani ukiiomba kwa jina hilo watakuelewa. Tofauti yake ni kwamba waya wa moto umetiwa ndani ya bomba la chuma na kuzungushiwa unga mweupe unaopitisha joto lakini haupitishi stima, ni kama waya umevaa kanzu, maji yanagusa kanzu tu. Ni ghali zaidi, ndio. Na hata hiyo bado inataka athi, tena ya kweli kutoka kwenye boksi la stima, usikubali fundi akwambie "nshaifunga kwenye paipu" maana mapaipu ya siku hizi ni ya plastiki, umefunga kwenye plastiki umefunga hewani.

Jengine, usikubali kabisa itolewe stima kwenye soketi ya kawaida. Piga hesabu: shawa ya wati 5,500 kwa stima yetu ya volti 240 inakula kama ampea 23, na soketi ya ukutani mwisho wake ni 13. Inataka waya mnene wake peke yake na swichi yake, nje ya bafu. Alafu kuna kile kidude wanachouza kwa jina la RCD kinafungwa kwenye boksi, kazi yake ni kulinganisha stima inayokwenda na inayorudi, ikiona tofauti ya kama miliampea 30 hivi inajua kuna mahali inavuja na inakata kabla hujamaliza kusema "yallah". Kina kitufe cha kujaribia kimeandikwa T, kibonyeze kila mwezi, kisipokata ujue kimekufa.

Kuhusu patipati, raba inapunguza kidogo, lakini mkono mmoja ukiwa kwenye mfereji na mwengine umeegemea ukuta uliolowa patipati zako zitakusaidia nini? Mwenye nyumba akikataa yote hayo chemsha maji kwa sufuria uogee ndoo na kopo. Ndoo haijapiga mtu shoti hata siku moja.

Ami, simu imeniponyoka pale ufuoni Pirates nikiwa najipiga picha, imekaa kwenye maji ya bahari kama dakika moja hivi. Nimeitia kwenye mchele wa pishori tangu jana. Niitoe lini? (Dada wa Bamburi)

Itoe sasa hivi, dadangu, na mchele upike.

Mchele hauna lolote, hata Apple mwaka 2024 waliandika wazi kwamba simu isitiwe ndani ya mchele, ati vile vipande vidogo na unga wake vinaweza kuiharibu zaidi. Lakini kwako wewe kuna kubwa kuliko hilo. Maji yatakauka yenyewe hata bila mchele, chumvi haikauki ikaondoka, inabaki imeganda juu ya zile njia ndogo ndogo za shaba, na kila ukiiwasha au ukiichaji stima na chumvi zinaila ile shaba mpaka inageuka kijani kama sarafu ya zamani. Usiichaji. Usiiwashe "kuangalia tu". Ipeleke kwa fundi leo leo aifungue aiondoe betri, aisafishe bodi kwa brashi na spiriti. Ukikaa wiki nzima ndo uipeleke atakwambia nunua nyengine na hatakuwa anakuibia.

Hivi Ami, nyaya za intaneti za chini ya bahari si zinatua hapa hapa Mombasa? Mbona zikikatika sisi tunalia sawa na watu wa Kisumu? Mei 2024 nilikuwa katikati ya kazi ya mteja ikawa ukurasa mmoja haufunguki. Na jengine, Wi-Fi yangu ya nyumbani Mji wa Kale haifiki chumbani, nimenunua rauta kubwa na bado. (Kijana wa Kibokoni)

Mwanangu, wewe unaishi karibu na bandari ya Kilindini, umeshawahi kuletewa kontena nyumbani kwa sababu ya ujirani? Basi ndo hivo hivo.

Ni kweli zinatua hapa. Ya kwanza kuanza kazi ilikuwa SEACOM Julai 2009, TEAMS ya kutoka Fujairah kule Emirates ikafuata mwaka huo huo, EASSy ikaja 2010, na nyengine zimeongezeka baadaye. Kabla ya hapo intaneti ya Kenya yote ilikuwa inapanda kwenye setilaiti na kushuka, ndo maana waliokaa kwenye saiba za zamani wanakumbuka kulipia kwa dakika huku ukurasa unajifungua kutoka juu kwenda chini mstari mmoja mmoja. Waya wenyewe ukiuona utacheka, kwenye kina kirefu ni mnene kama mpira wa kumwagilia maua tu, na ndani yake nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, mwanga unapita humo kama kilomita 200,000 kwa sekunde.

Lakini kutua hapa maana yake ni kupita hapa. Ukifungua video, hiyo video haikai Nyali, inakaa kwenye kompyuta ya mtu iliyo Nairobi au Afrika Kusini au Ulaya, na ombi lako linaweza kupanda mpaka Nairobi kwanza ndo litafutiwe njia ya kutoka, huenda likarudi tena Mombasa kushika waya wa baharini, yani limepita karibu na kwenu mara mbili bila hata salamu. Siku ile unayoisema ilikuwa Jumapili tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika zote mbili upande wa Afrika Kusini, kaskazini ya Durban. Mbali na sisi, ndio, lakini huduma nyingi tunazotumia ziko kwenye kompyuta za kule. Na bahati mbaya njia ya kaskazini nayo ilikuwa imeshapungua, kwa sababu Februari mwaka huo huo nyaya tatu zilikatika Bahari ya Shamu, na inaaminika ni nanga ya meli iliyopigwa kombora ikaachwa inaelea huku nanga inaburuta chini. Kusini kumekatika, kaskazini kumebanwa, sasa nchi nzima inapita kichochoroni. Kurekebisha ni mpaka meli maalum iende, iuvue huo waya kwa ndoana, waunganishe nyuzi moja moja za kioo, waushushe tena.

La Wi-Fi yako ni rahisi kuliko unavyodhani na wala halikutaka rauta kubwa. Nyumba za Mji wa Kale kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, pengine unene wa mkono mzima kutoka kiwiko mpaka vidole, walijenga wazuie joto na mawimbi ya rauta nayo yanazuiwa vizuri tu. Ile ya 5G iliyoandikwa kwenye rauta (sio 5G ya simu, ni giga 5) ndo ina mbio lakini ndo inachoka haraka kwenye ukuta, ile ya 2.4 inapenya zaidi. Jaribu chumbani kwa 2.4. Bado ikikataa vuta waya kutoka sebuleni mpaka kwenye korido, weka rauta ndogo ya pili huko. Na ile kubwa itoe nyuma ya tivii, naona kila nyumba inafichwa huko kama vile ni aibu.

Ami, kwenye grupu la familia halati katuma ati leo usiku kuanzia saa sita unusu mpaka saa tisa unusu miale ya kosmiki kutoka Mars itapita karibu na dunia, tuzime simu na tusilale nazo, NASA na BBC wamesema. Halati tunamheshimu sana, sa nimjibuje? (Mpwa, Magongo)

Mjibu kwa adabu lakini usizime. Huo ujumbe umeshakuwa mzee, unazunguka dunia miaka mingi, na kila ukirudi ni "leo usiku" bila tarehe, hapo tu ungejua.

Miale yenyewe ipo kweli, haikutungwa. Mwaka 1912 Victor Hess wa Austria alipanda puto na vipimo vyake akaona kadri anavyokwenda juu ndo inazidi, akajua inatoka nje ya dunia. Lakini haisubiri saa sita unusu. Inatunyeshea mchana na usiku, na huku chini usawa wa bahari chembe moja hivi inapita kila dakika kwenye eneo la sentimita moja mraba. Kiganja chako kimoja ni kama zaidi ya moja kila sekunde, zimeshapita kadhaa ukiwa unasoma hapa, simu ikiwa imezimwa au imewashwa hazijali. Mwambie halati hivo, muoneshe na kiganja, atapata cha kuwasimulia wenzake kwenye chama. Usimjibu mbele ya grupu lakini, mpigie.

Asalaam aleikum. Nyumba ya kakangu Mtopanga ilikuwa imefungwa yeye akiwa Saudia. Amerudi, nikamnunulia tokeni, mita inakataa kila nikiingiza. Watu wanasema mita imekufa na itabidi tuombe nyengine. (Kaka Mdogo)

Waaleikum salaam. Haijafa, imelala, na nadhani najua imelala tangu lini. Tokeni ile ya namba 20 sio namba za bahati nasibu, ndani yake kuna saa imefichwa: inahesabu ni dakika ngapi zimepita tangu tarehe 1 Januari 1993, ili mita ijue hii ni tokeni mpya na haijatumiwa. Sasa waliotunga mpango huo waliipa ile hesabu nafasi ya kufika dakika 16,777,216 tu, na ukizigeuza miaka ni karibu 32, zikaisha tarehe 24 Novemba 2024. Ilikuwa dunia nzima wenye mita za aina hiyo, sio Kenya pekee. Ndo ile kampeni iliyokuwa inatangazwa kwenye redio ya kusasisha mita, sisi tulioko tukabonyeza bonyeza ikaisha, na mita ya kakako ilikuwa gizani hakuna wa kuibonyezea.

Angalia vizuri ile meseji ya tokeni, unaweza kukuta umetumiwa namba tatu na sio moja. Mbili za mwanzo ndo za kubadilisha ufunguo wa mita, kila moja ina tarakimu 20. Ingiza ya kwanza, ngojea ikubali, ingiza ya pili, ngojea, ndo sasa uingize ya yuniti. Watu wanaingiza ya mwisho pekee kwa haraka alafu wanasema mita imekufa. Kama kwenye meseji iko moja tu, piga simu kwa kampuni uwape namba ya mita wakutumie hizo mbili. Na kama kakako ana tokeni ya zamani ameiweka kwenye kikaratasi tangu kabla ya safari, ukishaingiza hizo mbili hiyo haitakubaliwa tena. Hesabu mpya imeanzishwa upya kutoka 2014, itafika mpaka 2045, wajukuu watashughulika nayo.

Ami, kile chuma kilichoanguka Makueni, si kingeweza kutuangukia na sisi? Na nani analipa kikivunja nyumba? (Baba Fatma, Mtwapa)

Kingeweza, ingawa dunia sehemu kubwa yake ni bahari na mapori, vingi vinaungua angani au vinaishia majini hakuna anayejua. Kile cha kijiji cha Mukuku kilianguka tarehe 30 Desemba 2024 alasiri, pete ya chuma ya mita 2.5 kutoka upande hadi upande na uzito kama kilo 500, na shirika letu la anga za juu likasema ni pete ya kutenganisha vipande vya roketi. Inatakiwa iungue ikirudi, au ianguke pasipo na watu. Ile haikusoma masharti. Alhamdulillahi haikumuumiza mtu.

Kulipa, iko mikataba. Kuna wa mwaka 1972 unaosema nchi iliyorusha kitu ndo inayobeba hasara kikiangukia watu huku chini. Na imeshatumika, mwaka 1978 setilaiti ya Wasovieti iliyokuwa na mtambo wa nyuklia ilimwagikia Kanada, na baadaye Wasovieti wakalipa dola milioni 3 za Kanada. Kazi ni kuthibitisha chuma ni cha nani.

Ila wewe wa Mtwapa unauliza kana kwamba maroketi ni mambo ya mbali. Shika barabara ya Malindi uende mpaka Ngomeni, hapo Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma baharini wakarusha setilaiti kuanzia Aprili 1967 mpaka Machi 1988. Walipachagua kwa sababu tuko karibu na ikweta, dunia inazunguka kuelekea mashariki kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa hapo, roketi inapata msukumo wa bure, na upande wa mashariki ni bahari tupu, vipande vikianguka vinaangukia samaki. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri ambayo pia ni kumbukumbu ya uhuru wetu, wakarusha setilaiti ya Wamarekani ya kwanza kabisa ya kutazama miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, na kwa heshima ya siku hiyo wakaiita Uhuru. Imo kwenye vitabu vya elimu ya nyota mpaka leo kwa jina hilo la Kiswahili, na waliokuwa wavuvi Ngomeni wakati ule wanakumbuka zaidi kwamba siku za kurusha walikuwa wanakatazwa kwenda baharini.